Chambo hai au chambo bandia cha plastiki chenye harufu, kwa samaki aina ya besi (bass)?

Kama unachotaka ni kupata samaki tu chukua chambo hai, hasa maji yakiwa ya baridi, besi katulia chini hataki kukimbizana na kitu, kisamaki kikitapatapa mbele ya mdomo wake anakimeza tu. Ila ndo hapo tabu inapoanza, anameza mpaka ndoana inafika kooni, na kama ulitaka kumrudisha majini ushamuumiza. Afu kuna sehemu sheria inakataza samaki hai kama chambo, ulizia kwanza.

Plastiki mi naipendea kwenye magugu. Unaficha ncha ya ndoana ndani ya mnyoo wa plastiki, unarusha katikati ya majani hainasi, unauacha uzame taratibu, ukiona mshipi unasogea pembeni vuta. Harufu yenyewe haimwiti besi toka mbali kihivyo (yeye anategemea zaidi macho na mtikisiko wa maji), kazi yake ni akishauma asiteme haraka, unapata nafasi ya kuvuta. Maji yakiwa na joto kidogo mi plastiki tu, baridi kali narudi kwa chambo hai. Na plastiki zilizochanika msitupe majini jamani, haziozi.