Standen: nilifuata bustani, nikanaswa na darizi

Standen ni nyumba ya zamani kusini mwa Uingereza, yenye bustani. Nilipanda treni stesheni ya London Victoria hadi mji wa East Grinstead, safari ya saa moja hivi, kisha nikatembea maili mbili zilizobaki. Kwa ukaidi wangu nilivaa makubadhi. Ilikuwa mwisho wa Aprili na njia yote tope. Mwenye akili avae buti.

Usitegemee kasri. Msanifu majengo Philip Webb alimchorea nyumba hii James Beale, mwanasheria wa London, na mkewe Margaret, waliokuwa na watoto saba. Ikajengwa kati ya 1892 na 1894. Banda kongwe la shamba lililokuwapo hakulibomoa, alijenga kando yake. Ukisimama upande wa bustani unaona mapaa matano yaliyochongoka, chini yake mbao, vigae, matofali na mawe, utadhani kila kizazi kiliongeza chumba chake. Mawe yalichimbwa papo hapo, na shimo lililobaki limekuwa bustani ya kangaga, lenye ubaridi na kigiza. Watu wengi walikuwa kwenye tulipu. Mimi shimoni nilikaa nusu saa.

Ndani ni karatasi za ukutani za William Morris, mbunifu wa nakshi wa Kiingereza, zilizopigwa chapa kwa vibao vya kuchonga. Za sebuleni ni alizeti. Taa za umeme zilikuwamo tangu mwanzo, na Webb akaziwekea mabamba ya shaba yaliyofuliwa kwa nyundo. Vyumba vya juu nilivipita haraka, vitanda ni vitanda.

Lakini darizi! Bi. Margaret na binti zake walidarizi wenyewe, kwa michoro ya Morris. Babu yangu alikuwa akishona kofia za viua barazani Lamu, kofia moja miezi, kwa hiyo najua pa kutazama: pembeni, mkono unapoanza kuchoka. Nikainama hadi kona ya chini kabisa ya kitambaa. Nyuzi zimelala sawa na za katikati.

Kiingilio si haba, ila wanachama wa National Trust, shirika la kuhifadhi majengo ya kale linaloitunza nyumba hii tangu 1972, hawalipi.

Bibi mmoja wa kujitolea aliyekuwa akilinda chumba alinikuta bado nimeinama. Nikajua nafukuzwa. Kumbe alikuwa anaiangalia kofia yangu ya viua. Nikaivua nikampa; akaweka miwani sawa, akaigeuza ndani nje, akaanza kutafuta mafundo.