Moto wa msituni: uchome nyasi mapema makusudi ili baadaye usije moto mkubwa, au usubiri moto utokee ndio uje uzime?
Kwenye misitu ya miombo (miti iliyoachana, chini nyasi) kama ya Kilwa mimi niko na wanaochoma mapema, mwezi wa 5 au wa 6 hivi, nyasi bado zina unyevu, moto unatambaa chini chini tu na usiku umande unausaidia kufa, miti mikubwa haishtuki. Ukisubiri mpaka wa 9 au wa 10 kila kitu kimekauka kau na upepo juu, hapo utaupiga moto na matawi mpaka uchoke. Shida ni watu bana, kijiji kisipokubaliana siku, kila mtu anawasha kivyake.

Ila Kilimanjaro kule juu kwenye vichaka vya erika usithubutu, vile vinanasa maji ya ukungu, kule bora doria na kuwahi kuzima, si mliona Oktoba 2020 moto ulivyosumbua siku kibao.