Kuhimilisha mbwa Lindi: nililipa mara mbili, mimba ikashika mara moja tu

Jike wangu ni German Shepherd wa miaka 4. Tunaishi Shangani, Mtwara, na msimu wa korosho yeye ndiye mlinzi wa stoo yetu. Dume niliyemtaka yuko Mitwero, Lindi, kwa mzee mmoja ninayemwita mjomba. Huyo dume aligongwa na bodaboda, mguu wa nyuma ukaunga vibaya, hawezi tena kupanda. Ingekuwa ni ugonjwa wa nyonga wa kurithi, unaowasumbua sana mbwa wa aina hii, nisingezitaka mbegu zake hata bure. Mguu wa ajali haurithiwi, kwa hiyo tukakubaliana kuhimilisha, yaani kumwekea jike mbegu kwa mrija bila wao kupandana.

Mara ya kwanza, Septemba 2023, nilimwita mtaalamu aliyetegemea kuhesabu siku tu. Alihesabu tangu damu ya joto, kipindi jike anapotaka dume, ilipoonekana, akapanga siku ya 11 na ya 13. Shilingi 150,000. Nakumbuka alivyosuuza kikombe cha kukingia mbegu kwa maji ya bomba, nami nikafurahi kuona usafi. Kumbe maji yanaua mbegu. Alipotoa mrija alimwachia jike palepale, naye akaenda pembeni akachuchumaa kukojoa. Miezi miwili ikapita, tumbo halikuonekana.

Jike aliporudi kwenye joto, damu ya kwanza niliiona 26 Machi 2024. Safari hii nilimpata daktari mwingine wa mifugo, na cha kwanza alichosema ni hiki: "Dada, kalenda weka pembeni, tupime damu." Kipimo ni cha projesteroni, homoni inayopanda jike anapokaribia kuachia mayai. Daktari alikuwa anamtoa jike damu mguuni, nami naipeleka na bodaboda mpaka maabara ya kawaida ya binadamu hapa mjini. Siku ya 9 jibu lilikuwa chini ya nanogramu 1 kwa mililita. Siku ya 12 likafika 2, dalili kwamba mwili umeanza kujiandaa kuachia mayai. Siku ya 15, tarehe 9 Aprili, likasoma 5.4. Hapo ndipo mayai yanapotoka.

Nilitaka tuondoke usiku uleule. Daktari akanizuia. Yai la mbwa likitoka huwa bado changa, linahitaji kama siku mbili kukomaa ndipo lipokee mbegu. Kwa hiyo tulienda Lindi tarehe 11, Idi pili, mjomba akatupokea kwa pilau, tukarudia tarehe 12. Nikipiga hesabu sasa naona ile siku ya 11 na ya 13 ya mwaka wa nyuma huenda ilikuwa mapema mno. Mbegu mbichi za dume mzima zinaweza kuishi siku kadhaa ndani ya jike, lakini zile zilikuwa zimeshapita kwenye kikombe chenye maji.

Kazi yenyewe niliiona kwa karibu. Dume alisimama nyuma ya jike ili apate harufu, daktari akamkamua kwa mkono. Yanatoka mafungu matatu: kwanza maji maji, kisha mazito meupe kama tui la kwanza, halafu maji tena. Alichukua lile la katikati peke yake, kwenye chombo kikavu alichokipasha joto kiganjani. Tone moja akaliweka kwenye hadubini, akaniita nichungulie. Zilikuwa zinakimbia zote upande mmoja, nikashikwa na machozi. Mrija mrefu ukaingizwa taratibu, kisha nikakaa kwenye kigoda nimemnyanyua jike mapaja juu kwa dakika 10, mikono inatetemeka, mjomba akimshika kichwa na kumsemesha.

Jirani yangu mmoja aliniambia haya ni mambo ya juzi ya kulazimisha maumbile. Si ya juzi: mwanasayansi Mwitaliano Lazzaro Spallanzani alimhimilisha mbwa jike karne ya 18, na baada ya siku 62 akazaa watoto watatu.

Wangu alizaa 11 Juni usiku, siku 63 kamili tangu mayai yatoke. Watano, wanne wazima.

Gharama: vipimo vitatu, nauli ya daktari na kazi ya siku mbili vilifika shilingi 410,000. Ni nyingi, ila fedha iliyoniuma ni ile 150,000 ya kwanza. Lawama yangu kwa daktari huyu ni moja, na nimemweleza mwenyewe: hakudai kipimo cha brusela, ugonjwa wa kuambukiza, kwa dume wala kwa jike. Wengi wanadhani mbwa wasipokutana hakuna ugonjwa. Brusela ya mbwa inapita hata kwenye mbegu, inatoa mimba zikishakua, na binadamu anayewashika wakati wa kuzaa anaweza kuipata. Mimi nilizalisha kwa mikono mitupu. Joto lijalo nitamwita daktari yuleyule, lakini kipimo hicho kitatangulia kabla mjomba hajamfungua dume wake.