Darasani au zizini: daktari wa mifugo huiva wapi?

Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, humfundisha daktari wa mifugo kwa miaka 5. Ya mwanzo hutawaliwa na madarasa na maabara, ya mwisho na kliniki.

Chukua ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe. Darasani mwanafunzi anajifunza kwamba kimelea chake huletwa na kupe, huvamia chembe nyeupe za damu, na kwamba dawa hufaa zaidi ikiwahi. Yote ni kweli na yote huulizwa kwenye mtihani. Zizini anakuta ndama aliyesimama kichwa chini, manyoya yamesimama, na mfugaji anayesema "amekataa kula tu." Hapo inabidi apapase tezi iliyo chini ya sikio, apime joto, kisha aulize taratibu ng'ombe waliogeshwa dawa ya kupe lini mara ya mwisho. Mfugaji hutaja tarehe ya kumfurahisha daktari. Kuichuja hakufundishwi ubaoni.

Kupima mimba ya ng'ombe kwa mkono ni hivyo hivyo: mchoro wa kizazi unaeleweka kwa saa moja, vidole huchukua majuma.

Lakini zizi peke yake huzaa fundi wa kukariri sindano. Ng'ombe aliyeanguka baada ya kuzaa kwa upungufu wa kalisiamu huongezewa madini hayo mshipani polepole, huku moyo ukisikilizwa, kwa kuwa yakienda kasi moyo husimama. Anayejua sababu hatakubali kuharakishwa na mwenye ng'ombe.

Mimi ningewapeleka zizini tangu mwaka wa kwanza, hata kama ni kushika kamba tu.