Piezo ya 50 bob kwa nyatiti: kitu safi, bora usiichome

Kama unapiga nyatiti ama orutu, vyombo vya nyuzi vya Waluo, na umechoka kuinamia maiki, chukua hizi piezo zinazogeuza mtetemo wa chombo kuwa umeme wa kupeleka kwa spika, ile sahani ya shaba ya njano yenye duara jeupe katikati, milimita 27. Mimi nilinunua 4 kwa duka moja la spea hapa Kisumu town, 50 bob kila moja, na fundi wao akanisoldia mbili bure.

Hizo mbili zilikufa. Niliona akikaza chuma ya moto kwa ile nyeupe karibu sekunde 10 mpaka solda ikaenea, nikanyamaza, na iliniuma sana baadaye kwa sababu kwa macho ziko sawa kabisa, hakuna ufa hakuna kuungua, lakini gonga uone, kimya.

Iko hivi. Hiyo nyeupe ni kauri ya PZT, risasi na zirkoniamu na titaniamu. Ndani, atomi ya katikati imesogea kando kidogo, na kiwandani wanazipanga zote ziangalie upande mmoja kwa umeme mkali. Ukipasha moto kupita kiwango chake, nyingi ni kati ya nyuzi joto 200 na 360 za Selsiasi hivi, atomi inarudi katikati, na ikipoa inasogea tena lakini kila kundi la atomi linaangalia kwake, chaji zinauana. Chuma ya kusolda inafika 350 bila shida!

Na kitu ninachopenda zaidi ni ule mchanganyiko. Titaniamu ikizidi, atomi majirani wote wanavuta upande mmoja, zirkoniamu ikiwa pekee yake wanapingana, huyu juu yule chini. Sasa pale karibu 52 ya zirkoniamu kwa 48 ya titaniamu fuwele iko mpakani mwa maumbo mawili, kusukumwa kidogo tu inageuka, ndio maana hata ukigusa uzi na kucha inasikika kwa spika.

Zile mbili zingine nilisolda mwenyewe: solda kwa waya kwanza, gusa sekunde moja, toa. Ziko fiti mpaka leo. Bass ni nyembamba ukichomeka kwa mikisa ya kawaida, tafuta ampu yenye inputi ya gitaa.

Alama zangu: piezo 4 kati ya 5, kusoldiwa pale dukani 1 kati ya 5. Yangu nimeibandika kwa ngozi karibu na daraja la nyuzi, na kwa matanga Ahero wiki jana nyuzi zote 8 zilisikika mpaka hema la mwisho.