Kiyoyozi cha magurudumu kwa chumba kidogo Dar: kipi kinapoza, kipi kinakula umeme bure

Hukumu ianze mapema. Kama nyumba ni yako na ukuta ni wako, funga AC ya ukutani ya BTU 9,000 (BTU ni kipimo cha uwezo wa kupoza) yenye inveta, yaani inayopunguza mwendo badala ya kuzima na kuwaka, na usihangaike na hii ya magurudumu. Itapoza zaidi, itapiga kelele kidogo na itatumia umeme nusu. Kiyoyozi cha magurudumu ni cha mpangaji ambaye mwenye nyumba hataki ukuta utobolewe, cha anayehamahama, au cha mwenye chumba ambacho nje yake hakuna pa kuning'iniza mashine ya nje. Mtu huyo akiwa na chumba cha kulala kisichozidi mita 3 kwa 4, chenye dari na dirisha linaloweza kuzibwa vizuri, mashine hii itampa usingizi hata Februari. Chumba kikiwa sebule ya wazi inayoungana na jiko, au kina mabati bila dari, asinunue kabisa.

Kabla ya kulinganisha aina, hakikisha unachoonyeshwa ni kiyoyozi. Kariakoo na mitandaoni feni za maji huuzwa kwa jina la AC ya kuhamishika, na picha ya barafu imebandikwa ubavuni. Feni ya maji hupuliza hewa kupitia pedi iliyolowa, maji yakigeuka mvuke hewa inapoa kidogo. Dodoma wakati wa kiangazi, hewa ikiwa kavu, kazi hiyo inaonekana. Dar, Tanga, Mombasa na Unguja hewa tayari imejaa unyevu, maji hayakauki upesi, na ndani ya chumba kilichofungwa baada ya saa moja utakuwa na jasho zaidi ya ulivyoanza. Kuzitofautisha ni rahisi. Kiyoyozi cha kweli kina bomba nene la kutolea hewa ya moto nje, kina kompresa (pampu inayosukuma gesi ya kupoza) ndani, kina uzito wa kilo 22 hadi 35, na kibao chake kinaonyesha wati 700 hadi 1,500. Feni ya maji ni nyepesi, haina bomba, na kibao kinasema wati 60 au 100. Muuzaji akisema "hii haihitaji bomba", mazungumzo yameisha hapo.

Sasa namba za kwenye kasha. BTU 12,000 ni sawa na kilowati 3.5 za kupoza, na kwa AC ya ukutani namba hiyo inaaminika. Kwa ya magurudumu yenye bomba moja haiaminiki, na sababu yake iko kwenye bomba lenyewe. Mashine inavuta hewa ya chumbani, inaipitisha kwenye koili ya moto (mabomba membamba yenye gesi inayotoa joto), kisha inaitupa nje, kiasi cha mita za ujazo 300 hivi kwa saa. Chumba cha mita 3 kwa 3.5 chenye kimo cha mita 2.8 kina mita za ujazo 29.4 tu. Maana yake hewa ya chumba kizima inatupwa nje mara kumi kila saa, na nyingine lazima iingie kufidia: chini ya mlango, kwenye mianya ya dirisha, kwenye matofali ya matundu yaliyo juu ya ukuta. Hewa hiyo inayoingia ina nyuzi 31 au 32 na unyevu wake wote. Mashine inapoza kwa mkono mmoja na kuvuta joto ndani kwa mkono mwingine.

Vipimo vya kawaida havihesabu hewa hiyo. Ulaya, AC ya bomba moja hupimwa hewa ya chumbani ikiwa nyuzi 35, sawa na ya nje, kwa hiyo hasara haionekani. Marekani tangu 2017 watengenezaji hutakiwa kuonyesha pia namba ya pili, SACC, ambayo inajumuisha joto linalovutwa ndani na linalovuja kwenye bomba. Ukiona namba mbili kwenye kasha, soma ndogo. Mashine ya bomba moja iliyoandikwa 12,000 mara nyingi hubaki na 6,500 hadi 7,500 kwa kipimo hicho. Ya 9,000 au 10,000 hubaki na 5,000 hadi 6,000. Ikiwa kasha lina namba kubwa peke yake, chukua asilimia 55 ya hiyo kama uwezo halisi na utakuwa karibu na ukweli.

Kwa pwani tunakadiria BTU halisi 600 kwa kila mita ya mraba. Chumba cha 3 kwa 3.5 kina mita za mraba 10.5, hivyo kinahitaji 6,300. Ongeza 600 kwa kila mtu baada ya wa pili, na 1,000 kama ukuta au dirisha linapigwa na jua la alasiri. Kwa hiyo chumba cha kawaida cha watu wawili kinataka mashine iliyoandikwa 12,000. Ile ya 7,000 inayouzwa kwa bei ya kuvutia ina kilowati 2 za kwenye karatasi na karibu 1.1 za kweli. Itapoza kitanda kama umeielekeza kitandani, lakini chumba hakitabadilika.

Bomba mbili ni bora kuliko moja, na tofauti si ndogo. Bomba la kwanza huleta hewa ya nje kupoza koili ya moto, la pili huitoa, na hewa ya chumbani inabaki chumbani. Kuna muundo wa bomba ndani ya bomba pia, kama Midea Duo, ambayo toleo lake la BTU 14,000 lina SACC 12,000. Hasara yake ni ndogo kuliko ya karibu mashine yoyote ya bomba moja. Tatizo ni kwamba Duo inayouzwa Marekani ni ya volti 115 na hezi 60 (hezi ni mizunguko ya umeme kwa sekunde). Ndugu akikutumia hiyo, usiichomeke kwenye umeme wetu wa volti 230 na hezi 50. Transfoma itashusha volti lakini haitabadili hezi. Vivyo hivyo mitumba ya Japani ya volti 100 ipite mbali. Mizigo ya Dubai iko salama kwa volti, hezi na hata plagi. Ya Saudia ni hezi 60, kwa hiyo soma kibao cha nyuma: kiandikwe 220-240V, 50Hz.

Dirisha ndilo linaloamua kama utafurahia au utajuta, na hapo ndipo wengi wanafanya kazi nusu. Kipande cha plastiki kinachokuja na mashine kimetengenezwa kwa madirisha yasiyo na nondo wala wavu. Kwa dirisha la alumini la kuteleza, sogeza wavu wa mbu pembeni, fungua kioo sentimita 15 hivi, pima kimo cha nafasi kwenye pointi tatu (fremu nyingi hazijanyooka), kisha kata plaiwudi ya milimita 9 au 12 ijae humo. Toboa tundu la kipenyo cha mdomo wa bomba, mara nyingi sentimita 13 hadi 15, au tundu bapa kama mdomo ni bapa. Mdomo bapa ndio unaotufaa kwa sababu unaelekezwa kati ya nondo na nondo. Ziba kingo zote kwa povu la kubandika, na sehemu ambayo vioo viwili vinapishana katikati iwekee povu pia, maana hapo ndipo hewa na mbu hupita bila kuonekana. Plaiwudi ipakwe rangi upande wa nje, la sivyo mvua za masika zitaifumua. Dirisha la vioo vya luva ni rahisi zaidi: chomoa vioo viwili au vitatu vya chini, uweke plaiwudi mahali pake, na uvihifadhi vioo kwa ajili ya siku ya kuhama.

Bomba liwe fupi na lililonyooka. Lile la mita 1.5 linalokuja na mashine lisiongezwe, hata kama dirisha liko mbali. Sogeza mashine badala yake. Kila pindo linabana hewa ya moto, kompresa inachemka, na kinga ya joto inaizima mara kwa mara. Ngozi ya bomba yenyewe hufika nyuzi 50 na zaidi, yaani umeweka hita chumbani. Livike sponji ya kufunikia mabomba ya AC au hata blanketi jepesi lililofungwa kwa solotepu, na utaihisi tofauti usiku wa kwanza. Ziba pia matofali ya matundu kwa ubao. Chini ya mlango weka taulo kama bomba ni mbili. Kama ni moja, acha mwanya mdogo upande wa korido iliyo na hewa safi, kwa sababu mashine itavuta tu, utake usitake. Na hili tunalisisitiza kwa uzito: usiwashe AC ya bomba moja wakati jiko la mkaa linawaka ndani ya nyumba au jenereta inanguruma karibu na mlango. Moshi wake utavutwa moja kwa moja hadi mnapolala, na hewa ya sumu ya mkaa haina harufu.

Maji ni suala la pwani. Mashine nyingi huandikwa kwamba hujikausha zenyewe: maji ya koili ya baridi humwagiwa koili ya moto na kutoka nje kama mvuke. Machi na Aprili, unyevu ukivuka asilimia 80, hayaishi. Trei ya chini inajaa, mashine inazima kompresa saa nane za usiku, inaonyesha alama kama FL, E4 au P1 kulingana na kampuni, na feni inaendelea kupuliza hewa ya joto. Watu huita fundi wakidhani gesi imeisha. Dawa yake ni mpira wa kutolea maji. Tundu la chini liko sentimita chache tu kutoka sakafuni, kwa hiyo ndoo haifai. Ama weka mashine juu ya meza fupi imara na beseni chini, ama peleka mpira bafuni ukiteremka bila kupanda popote. Ukiinuka kidogo tu, maji yanasimama.

Upande wa umeme, mashine ya 12,000 hula wati 1,200 hadi 1,400, karibu ampea 6, na zaidi ya hapo sekunde ambayo kompresa inaanza. Ichomeke kwenye soketi ya ukutani, plagi ya pini tatu yenye fyuzi halisi ya ampea 13. Ekstensheni nyembamba za dukani ndizo zinazoyeyuka; ikilazimu, tafuta ya waya wa milimita 1.5 za mraba na uikunjue yote. Baada ya nusu saa shika plagi. Ikiwa ya moto kiasi cha kuondoa mkono, soketi imelegea, ibadilishwe. Fridge guard ya friji ya kawaida, ile ya ampea 5, haitoshi. Nunua ya AC, ya ampea 13 au 16, inayokata umeme ukishuka au kupanda na kuchelewesha kuurudisha. Bila kifaa hicho, umeme ukikatika na kurudi, subiri dakika tatu kabla ya kuwasha. Kompresa inayolazimishwa kuanza gesi ikiwa bado ina shinikizo ndiyo inayoungua.

LUKU nayo. Wati 1,300 kwa saa 8, kompresa ikifanya kazi asilimia 80 ya muda (bomba moja haipumziki sana), ni yuniti 8.3 kwa usiku. Kwa T1 (kundi la bei la matumizi ya kawaida) ya shilingi 292 kwa yuniti, ambayo baada ya kodi na tozo inakaribia 356, usiku mmoja ni kama shilingi 2,950, na mwezi ni karibu 89,000. Aliye kwenye D1 (kundi la matumizi madogo ya nyumbani) ataona maumivu mapema: yuniti 75 za bei nafuu zitaisha usiku wa tisa, kabla hata hajawasha taa wala friji. AC ya ukutani ya 9,000 yenye inveta huwa kwenye yuniti 3 hadi 4 kwa usiku uleule. Weka nyuzi 25 au 26 pamoja na feni ya dari mwendo wa chini. Ukiweka 18 hakuna kinachoongezeka isipokuwa bili, kwa sababu mashine haitafika huko.

Kelele isikushangaze. Kompresa iko chumbani, na desibeli 52 hadi 60 ni sauti ya watu wanaoongea. Mashine ya inveta ina nafuu kwa sababu haizimi na kuwaka kwa kishindo. Mwenye mtoto mchanga au usingizi mwepesi aisikilize dukani kwanza.

Dukani omba iwashwe dakika kumi, bomba likielekezwa mbali nawe. Hewa inayotoka mbele iwe baridi kuliko inayoingia nyuma kwa nyuzi 8 hadi 12. Kipimajoto cha bei ndogo kinatosha. Ukiileta nyumbani ikiwa imelazwa kwenye bajaji, isimamishe saa 24 kabla ya kuiwasha ili mafuta yarudi ndani ya kompresa. Chujio ziko mbili mara nyingi, ya juu na ya chini nyuma, na ya chini husahaulika. Zioshe kila wiki mbili kwa maji ya kawaida, zikauke kivulini. Chujio chafu hufanya koili ya baridi iote barafu na hewa kupungua.

Gesi haitumiki ikaisha. Mfumo umefungwa kiwandani, na ikipungua pana tobo. Nyingi za sasa hutumia R290, ambayo ni propani na inawaka, na kibao huonyesha ukubwa mdogo kabisa wa chumba unaoruhusiwa, mara nyingine mita za mraba 11 au 12; chumba chako kikiwa kidogo kuliko hapo, chagua nyingine. Fundi anayetaka "kuongeza gesi" bila kutafuta tobo, au kuchomea bomba la R290 ndani ya chumba cha kulala, mzuie. Kazi hiyo ifanyike nje, penye hewa, na mtu mwenye mizani ya kupima gramu zilizoandikwa kwenye kibao.