Keria ya juu ya gari: fremu safi, miguu haifai

Fremu ya keria hii sina neno nayo. Mabomba yake ni mazito, hayapindi, na kuifunga ni kazi ya spana moja tu. Shida ni miguu, yaani vile vipande vinavyoishikilia keria nzima kwenye paa.

Kila mguu una bapa mbili, yaani vipande bapa vya chuma, moja imelala kwenye paa na nyingine imesimama, zikachomelewa upande mmoja tu. Nikiosha gari niliona mstari wa kutu kwenye rangi nyeusi, mwembamba kama unywele, umefuata ukingo wa mshono, pale zilipochomelewa. Nikapitisha ukucha, ukanasa. Nilipoufungua mguu na kuupinda kwa mkono, ukakatika. Nusu ya sehemu iliyokatika ilikuwa na kutu kuukuu, nusu inang'aa, kwa hiyo ufa ulianza zamani ukawa unatambaa polepole. Tena ubavuni mwa bapa, chini ya mshono, alama za msumeno zilikuwa bado zinaonekana. Moto haukuingia kabisa, walichomelea kijuujuu.

Muuzaji alidai kwanza kwamba nimezidisha mzigo. Si kweli, na hata uzito wa keria yenyewe niliuhesabu pamoja na mzigo. Chuma kinachotikiswa mara maelfu hupasuka hata kwa mzigo ambao kingeubeba vizuri kikiwa kimetulia, na mara nyingi ufa huanzia ukingoni mwa mshono. Mguu wa keria lazima utengenezwe kwa kuzingatia matuta na mashimo, maana ndiyo kazi yake.

Baadaye alinipa miguu mipya bila malipo, na kwa hilo namshukuru, ila nayo imechomelewa upande uleule mmoja. Sikuifunga. Fundi naye alitaka kuurudishia ule wa zamani kwa kuchomelea juu ya ufa, nikakataa: ufa usiposagwa wote hadi mwisho wake unabaki ndani, na utaendelea kutembea. Keria ikichomoka kwenye mwendo kasi inamwangukia aliye nyuma, na huenda yuko kwenye pikipiki.

Sasa natumia miguu ya bapa moja nene iliyokunjwa, isiyo na mshono kwenye kona. Fremu naipa nyota nne, miguu yake nyota moja. Kama tayari unayo keria hii, vua vile vifuniko vya plastiki vya miguu, sugua matope, kisha mulika tochi ukingoni mwa mshono, hasa miguu ya mbele. Ukiona rangi imepasuka kwa mstari, shusha mzigo kwanza.